Oili Imepanda, Fundi Yuko Palepale

Chukua risiti ya sevisi ndogo ya Toyota IST, gari ambalo ukisimama dakika tano pale Mwenge utalihesabu mara nyingi hadi uchoke. Risiti ina mistari mitatu: oili galoni moja ya lita nne, filta, na ufundi. Mstari wa kwanza umebeba karibu pesa yote. Wa pili ni hela ya kawaida. Wa tatu mara nyingi hauna kitu. Sheli nyingi za Dar es Salaam, ukinunua oili kwao, kumwaga ni bure. Gereji za mtaani fundi anachukua elfu tano, elfu kumi, na akikuona umevaa tai anaongeza kidogo. Sasa msikilize mwenye gari anapolalamika kwamba sevisi imekuwa ghali. Anabishana na nani? Na fundi. Anaukamua mstari wa tatu, ambao tangu mwanzo haukuwa na maji.

Sehemu ya kosa hili inatokana na namna bei zinavyotufikia. Petroli ikipanda, nchi nzima inajua. Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi; Kenya, EPRA hufanya hivyo tarehe 14; na kabla jua halijazama makondakta, wabunge na wauza mboga wameshaijadili. Oili ya injini haimo kwenye tangazo hilo. Haina bei kikomo wala siku ya kutangazwa. Kila duka la Kariakoo au la Kirinyaga Road, Nairobi, lina bei yake, na mwenye gari huigundua baada ya miezi minne au mitano, boneti ikiwa wazi na sampu imeshafunguliwa. Anailinganisha na bei anayoikumbuka. Aliyesimama mbele yake wakati huo ni fundi, mikono imejaa grisi, kwa hiyo lawama zinampata yeye.

Tuanze na dola, kwa sababu ndiyo rahisi kuipigia hesabu. Oili inayouzwa kwetu, hata ile iliyochanganywa hapahapa, inatokana na malighafi iliyonunuliwa nje. Chukulia galoni inamfikia mfanyabiashara kwa dola 20. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300 za Tanzania, hivyo galoni ile ni 46,000. Katikati ya mwaka 2024, baada ya miezi mingi ya dola kuadimika, ilivuka 2,600. Galoni ileile, kwa dola zilezile 20, imekuwa zaidi ya 52,000, kabla ya ushuru, kabla ya VAT ya asilimia 18, kabla ya faida ya duka. Kenya iliona makali zaidi: Januari 2024 shilingi yao ilifika karibu 160 kwa dola moja, kisha ikajivuta hadi jirani na 130. Shilingi ilipopata nguvu, wenye maduka hawakukimbilia kushusha bei. Walikuwa wameshanunua mzigo kwa dola ya bei ya juu, na mteja alikuwa ameshazoea. Mimi siwalaumu sana kwa sababu ya kwanza. Ya pili ndiyo inayonikera.

Lakini dola peke yake haielezi kwa nini bei ilipanda hata kwa wenye dola zao. Oili ya injini ni vitu viwili: oili ya msingi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya galoni, na kemikali zinazochanganywa humo za kusafisha, kuzuia kutu, kuzuia povu na kulinda vyuma vinavyosuguana. Kemikali hizo, dunia nzima, zinatoka kwa kiasi kikubwa kwenye kampuni nne: Lubrizol, Infineum, Afton na Chevron Oronite. Biashara iliyokaa mikononi mwa wachache namna hiyo haihitaji balaa kubwa ili itikisike. Septemba 26, 2019 moto uliwaka kwenye kiwanda cha Lubrizol mjini Rouen, Ufaransa. Mwaka uliofuata ikaja korona. Ndege zikalala, watu wakakaa ndani, viwanda vya kusafisha mafuta vikapunguza kazi; na kwa kuwa oili ya msingi hupatikana kwenye sehemu nzito ya mafuta ghafi yaleyale yanayotoa petroli na dizeli, nayo ikapungua. Februari 2021 baridi kali ikaishika Texas, ambako viwanda vya aina hii vimejazana, ikavizima. Mwaka 2021 bei za oili ya msingi zilipaa kwenye soko la dunia. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, mafuta ghafi nayo yakapanda. Kisha kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahuthi kwenye Bahari ya Shamu yakazifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na gharama ya kontena ikapanda hata kwa mizigo isiyopita huko.

Habari hizo zote zilisikika redioni. Hakuna aliyezihusisha na galoni ya Gerezani.

Kuna sababu nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote, ingawa haikutokea kwenye bandari wala benki. Imo ndani ya injini. Miaka ya Corolla za zamani, Peugeot 504 na Land Rover, oili ilikuwa 20W-50, nzito kama asali, na ukiimwaga hata chapa hukuwa unaiuliza sana. IST na wenzake wa miaka ya 2000 waliandikiwa 5W-30. Magari yanayoingia sasa, Aqua, Vitz za mwisho, Note, yameandikiwa 0W-20, na mengine 0W-16. Kila hatua ya kushuka imekuwa hatua ya kupanda bei.

Namba hizo si urembo. Ile yenye herufi W inaeleza jinsi oili inavyotiririka wakati wa baridi: 0W hupimwa kwenye nyuzi joto 35 chini ya sifuri. Watu wa Makete wanaijua baridi, lakini hata Makete haijafika huko. Namba ya pili inaeleza uzito wa oili kwenye nyuzi 100, yaani injini ikiwa imeshachemka. Oili inayotakiwa iwe nyepesi sana kwenye baridi, isiwe maji kwenye joto, na isiyeyuke hewani kwa miezi, haiwezi kutengenezwa kwa oili ya msingi ya kawaida. Inahitaji ile iliyosafishwa kwa kiwango cha juu, inayoitwa kundi la tatu, au ya sintetiki zaidi ya hapo. Ndiyo iliyofanya galoni iwe ghali.

Na kwa nini watengenezaji waliitaka oili nyepesi? Kwa sababu injini inapozunguka ndani ya oili nyepesi nguvu inayopotea hupungua, na gari linakunywa mafuta machache zaidi. Marekani ina sheria ya kubana ulaji wa mafuta wa magari tangu 1975, Japani ina viwango vyake, na kwa miaka mingi kampuni ya magari iliyoshindwa kutimiza masharti hayo iliumia. Nusu asilimia hapa, asilimia moja pale, kwa mamilioni ya magari, ni kitu kikubwa kwao. Kwa mwenye gari mmoja pale Kimara akiba hiyo ya petroli ni ndogo, ila galoni ya oili ananunua yeye, kwa pesa yake, kila sevisi. Kenya hali hii iliwahi kufika mapema kuliko Tanzania kwa sababu hairuhusu gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Umri mdogo wa gari maana yake injini ya kisasa zaidi, na injini ya kisasa zaidi maana yake oili ya bei zaidi.

Fundi mkongwe atakwambia: achana nayo hiyo nyepesi, huku kwetu joto, weka 20W-50. Ana nusu ya ukweli. Vitabu vya magari yaliyouzwa rasmi katika nchi za joto mara nyingi huwa na jedwali linaloruhusu oili nzito kidogo hali ya hewa ikiwa ya moto, na kupanda ngazi moja, kutoka 0W-20 kwenda 5W-30, hakuna injini ninayoijua iliyokufa kwa hilo. Lakini 20W-50 ni kuruka ghorofa. Toyota zenye VVT-i hutumia presha ya oili kubadilisha wakati valvu zinapofunguka, na oili hiyo inapitia kwenye kivalvu chenye kichujio cha matundu madogo mno. Nzito sana inachelewa, chafu inakwama, taa ya injini inawaka, na hapo ndipo unapoanza kununua vipuri ambavyo havikuharibika. Tatizo ni kwamba kitabu kilichokuja na gari kimeandikwa Kijapani. Wengi hukiacha kwenye dashibodi hadi siku ya kuuza gari. Kifungue. Huhitaji kujua Kijapani kusoma "0W-20" na "5W-30", na ujazo wa lita umeandikwa kwa tarakimu zilezile tunazotumia sisi.

Ujazo huo ni pesa. IST ya injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, hivyo galoni inaisha karibu yote. Passo ya injini ya lita moja inachukua lita tatu na kidogo. Mwenye Passo ananunua galoni ya lita nne, na mara nyingi hutokea moja kati ya mawili: fundi anaimimina yote kwa wema ("galoni si yako, bosi?"), oili inapita alama ya juu ya dipstiki na kupigwa povu na kranki; au inabaki karibu lita nzima kwenye galoni, galoni inasogezwa pembeni, na hakuna anayeiulizia tena. Iulizie. Lita hiyo moja peke yake inaweza kuzidi thamani ya ufundi mliokuwa mnabishania.

Ufundi wenyewe unaonekana kama si kitu, na hapo ndipo tunapopotea. Kufungua boliti, kumwaga, kufunga, kujaza. Kijana aliyeanza gereji wiki iliyopita anaweza. Lakini tazama mahali ambapo mkono mzembe unaiua injini. Injini haikupashwa moto, basi oili inatoka nusu na uchafu unabaki chini. Boliti ya sampu imekazwa kwa hasira, nyuzi zinakatika, na tangu siku hiyo inafungwa kwa tepu ya mabomba huku ikidondosha tone moja moja kwenye vigae vyako. Raba ya filta ya zamani imeng'ang'ania kwenye injini, haikuonekana, filta mpya ikafungwa juu yake. Raba mbili hazishiki presha, na siku moja ukiwa kasi mahali fulani kabla ya Chalinze zinaachia, oili yote inamwagika barabarani kwa muda mfupi kuliko utakaotumia kutafuta pa kuegesha. Fundi anayepapasa ile raba kwa kidole kila mara, hata akiwa na foleni ya magari sita, anakuuzia kitu cha thamani kuliko galoni. Na ndicho kitu ambacho soko letu limeamua kukipa bei ya sifuri.

Marekani mambo ni kinyume. Biashara ya kumwaga oili kwa dakika kumi ilikuzwa huko na kampuni kama Jiffy Lube, ambayo Jim Hindman aliinunua mwaka 1979 na kuitandaza nchi nzima kabla haijaingia mikononi mwa Pennzoil, kisha Shell. Kwa miaka mingi walivuta wateja kwa kuponi za dola ishirini hivi, faida wakaitafuta kwenye filta za hewa na vikorokoro vingine. Leo si ajabu mtu kulipa dola 80 au 100 kwa sevisi ya oili ya sintetiki, na ndani ya bei hiyo umo mshahara wa anayeshika spana, kodi ya jengo na bima. Kule mstari wa tatu umenenepa.

Wamarekani hao hao ndio waliouzoesha ulimwengu desturi ya kumwaga oili kila maili 3,000. Ukizigeuza ni kama kilomita 4,800, jirani kabisa na 5,000 inayoandikwa kwenye stika zetu. Wakati huohuo, kitabu cha Toyota kwa soko la Japani husema kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na turbo, na nusu yake, 7,500 au miezi sita, kwa gari linalofanya kazi katika mazingira magumu. Jimbo la California liliwahi hata kuendesha kampeni ya kuwaomba wenye magari waache kumwaga oili ambayo bado ni nzima. Je, basi, fundi wa stika ya 5,000 anatuibia?

Inategemea unaendesha wapi. Kilomita ni kipimo kibaya cha uchovu wa oili. Saa za injini zinasema kweli zaidi. Gari linalotoka Mbagala kwenda Posta kila asubuhi, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa, litafikisha kilomita 5,000 baada ya saa 333 za kuunguruma. Gari la mtu anayefanya safari za Dar na Dodoma, kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, linafika hapo baada ya saa 83. Oili ya yule wa foleni imepikwa mara nne zaidi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hewa isiyopita, vumbi la barabara inayojengwa likiingia. Kwa huyo, 5,000 ni busara. Huyu wa Dodoma mwenye oili nzuri ya sintetiki anayemwaga kila 5,000 anatupa pesa, na katika bei za sasa anatupa nyingi. Kabla hujaomba punguzo la elfu tano kwa fundi, angalia kama hukuwa na haki ya kuruka safari nzima ya gereji.

Wengi hawafanyi hesabu hiyo. Bei inapopanda wanafanya mojawapo ya mambo matatu. Wapo wanaoacha kumwaga na kuongezea tu, hadi ndani ya injini kunajaa tope jeusi linaloshika kama lami. Wapo wanaohamia oili ya kupima, ile ya pipa, inayouzwa kwa lita. Hiyo haina ubaya kama unamwamini mwenye pipa, maana hulipii galoni wala lebo, ila pipa halisemi lilijazwa nini wala lini. Wa tatu wananunua galoni ya chapa kubwa kwa bei ya kushangaza. Hapa kuna jambo ambalo kupanda kwa bei kumelizidisha: oili halisi ikiwa rahisi, mghushi hana anachopata, ikiwa laki, kila galoni tupu iliyo safi ni mtaji. Ndiyo maana utawaona wenye magari wakiondoka na galoni tupu kwenye buti, au wakiitoboa kwa bisibisi palepale gereji. Baadhi ya mafundi wanakasirika kwa hilo. Wale waliotulia wanakupa bisibisi wenyewe.

Kuhusu "oili ya Dubai", inayosemwa kwa kubetua midomo, dharau hiyo imepitwa na wakati. Kuna ya ovyo, kama kila mahali. Lakini Ghuba sasa ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya oili ya msingi ya daraja la juu: Ruwais ya Abu Dhabi, Bahrain, na kiwanda cha Pearl cha Ras Laffan, Qatar, kinachoitengeneza kutokana na gesi. Galoni yenye lebo ya Ulaya uliyoilipia zaidi inaweza kuwa na asili hiyohiyo. Kinachofaa kusomwa ni maandishi madogo ya nyuma: uzito, na daraja la API. SN ilianza 2010, SP ilianza 2020. Galoni iliyoandikwa SF au SG leo inauza teknolojia ya miaka ya 1980, hata kama picha ya mbele ina gari la mashindano.

Mwenye bodaboda angecheka kusikia malalamiko yetu. Pikipiki yake inabeba kama lita moja tu, injini inazunguka kutwa nzima, na anaimwaga mara nyingi zaidi kwa mwezi mmoja au miwili kuliko mwenye IST kwa mwaka. Kwake oili ni kama petroli: gharama ya kazi. Yeye ndiye aliyejua kwanza kwamba imepanda.

Linabaki swali la fundi wa sheli anayemwaga "bure". Kwenye oili mpya, faida ni ya mwenye duka. Chake yeye kiko chini ya gari. Oili chafu ina soko: wauza mbao na mafundi wa paa huipaka kwenye mbao kuzuia mchwa, wenye tanuri huichoma. Haifai kuoshewa mikono wala kumwagwa mtaroni, ina masalia ya vyuma na kemikali za kansa, na mafundi wengi huishika bila glovu. Lakini ni pesa, na ni yake. Magari sita ya ukubwa wa IST yakipita kwenye shimo, dumu la lita 20 limejaa. Jioni mtu wa mbao anakuja na mkokoteni, wanapatana bei wawili wao, na hakuna risiti.